Mtoto wa miezi 6 ametoka mabaka baada ya uji wa unga wa mchanganyiko. Nianzie wapi?

Nyar Mamboleo, Kisumu

Hamjambo wazazi wenzangu. Naomba ushauri, na anayejua tafadhali asinifiche.

Binti yangu ametimiza miezi 6 mwezi huu. Nilimnyonyesha maziwa yangu pekee kama tunavyofundishwa kliniki, halafu nikaanza na uji wa wimbi mtupu, ndizi ya kuponda, malenge, viazi vitamu na ovakado. Vyote alivipokea vizuri, hata choo hakikubadilika sana.

Juzi mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Seme akatuletea unga wa mtoto aliousagisha mwenyewe. Ndani yake kuna wimbi, mtama, mchele kidogo, soya, njugu (karanga) na omena (dagaa). Ni unga laini, ukiufungua unasikia harufu ya njugu zilizokaangwa. Nikampikia asubuhi. Hakufika hata nusu ya kikombe, mara midomo ikawa myekundu, mabaka yaliyoinuka kama ya kuumwa na mbu yakaenea shavuni na shingoni, kope la jicho moja likavimba, kisha akatapika uji wote. Alilia sana akijikuna. Baadaye mchana mabaka yalipotea, akanyonya, akalala. Nimepiga picha kwa simu kwa sababu nilijua nikifika kliniki ngozi itakuwa safi na sitaaminika.

Sasa nyumba nzima ina maoni. Mama mkwe anasema ni sihoho, kwamba kuna mtu alimtazama mtoto akila, na anataka apelekwe kwa mama mmoja wa kumkanda. Jirani anasema ni meno. Baba watoto anasema omena haikuoshwa vizuri. Muuza dawa wa mtaani ameniuzia Piriton ya maji, lakini sijampa. Mimi moyo wangu unaniambia ni aleji, hasa kwa vile tangu akiwa mdogo ngozi yake ni kavu, inapasuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti.

Kati ya hivyo vyakula ni kipi? Nisimamishe vyote mpaka afike mwaka? Na wiki hii ana chanjo ya malaria, je, nimpeleke?

Mama Pacha, Nakuru

Pole sana mama, najua hofu hiyo. Mimi pacha wangu sikuwapa mayai, samaki wala njugu mpaka wakapita mwaka, na mpaka leo hawana shida yoyote. Simamisha vyote. Mpe maziwa yako na uji wa mahindi, mengine yatasubiri. Tumbo la mtoto bado changa.

Nesi wa Kakamega

Nyar Mamboleo, pole kwa yaliyokupata, na umefanya vyema mno kupiga picha. Usizifute. Mimi ni nesi, nafanya kazi kliniki ya watoto wa chini ya miaka 5, na mtoto wangu wa pili ana aleji ya mayai, kwa hiyo nitakuandikia kirefu kidogo.

Ulichoeleza kinafanana sana na aleji. Angalia muda: aleji ya namna hii hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2 hivi baada ya kula. Angalia pia dalili zilivyokuja pamoja: mabaka yaliyoinuka, kope kuvimba, kutapika. Meno hayafanyi hivyo. Omena chafu ingemwendesha baadaye, pengine na homa, isingemtoa mabaka kijiko kikiwa bado mkononi. Na kama ungekuwa wekundu kuzunguka midomo tu baada ya nyanya au chungwa, ningekuambia ni ukali wa tunda umewasha ngozi, futa uendelee. Lakini hapa ngozi, jicho na tumbo vimeguswa kwa mara moja. Mpeleke kwa daktari wiki hii hii, ukiwa na zile picha na unga wenyewe kwenye kikopo. Kabla hajamwona daktari, usimpe njugu, soya wala omena nyumbani eti unajaribu ujue ni ipi. Mara ya pili inaweza kuja kwa nguvu zaidi ya ya kwanza, na hakuna anayeweza kukuhakikishia vinginevyo.

Kuna dalili ambazo hazisubiri miadi. Akianza kukohoa mfululizo, kupumua kwa mluzi, mbavu zikawa zinaingia ndani anapovuta pumzi, sauti ya kilio ikabadilika, ulimi ukavimba, au akalegea na kupauka, shika pikipiki, tuktuk, chochote kilicho karibu, ufike hospitali. Dawa inayookoa hapo ni sindano ya adrenalini inayochomwa pajani. Piriton haifungui njia ya hewa, na kwa mtoto ambaye hajafika mwaka haipewi bila daktari kuagiza. Umefanya vizuri kutompa.

Sasa huo unga. Hapa ndipo ningependa kila mama anayepita anisikilize. Naziona unga hizi kila wiki kliniki, mama ameshikilia kikopo kwa fahari kwa sababu amejinyima akanunua soya na njugu ili mtoto apate nguvu. Nia ni njema kabisa. Lakini umeweka vyakula 6 ndani ya kikombe kimoja, na kati ya hivyo, 3 viko katika kundi dogo la vyakula vinavyoongoza kwa kuleta aleji duniani: njugu, soya na samaki. Wengine wa kundi hilo ni maziwa ya ng'ombe, mayai, ngano, simsim, korosho na jamaa zake, kamba na kaa. Mtoto akipata mabaka, huwezi kujua ni nani. Wimbi tunaiondolea lawama kwa sababu aliila peke yake bila shida. Mtama na mchele ni nadra kuleta mabaka ya namna hii. Wanabaki watatu, na hatuwezi kuwatenganisha tena kwa sababu wameshakuwa unga mmoja.

Kuna shida nyingine ya mchanganyiko ambayo watu hawaisemi. Soya inahitaji moto kuliko wimbi, na uji ukiiva kwa wimbi soya huenda bado haijaiva. Omena ina mafuta, ikisagwa na kukaa wiki kadhaa inachacha na kuharibu unga wote. Ni afadhali vikopo vitatu kwenye rafu kuliko debe moja la mchanganyiko. Uji ukishaiva kwa unga mmoja, chochote kingine unakiongeza kwa kijiko juu yake, na siku ukitaka kukiondoa unakiondoa.

Mama Pacha, nakuheshimu, na ushauri uliofuata wewe ulikuwa ushauri wa madaktari wenyewe wakati fulani. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walisema watoto wenye hatari ya aleji wasipewe mayai mpaka miaka 2, na njugu na samaki mpaka miaka 3. Mwaka 2008 waliuondoa ushauri huo kwa kukosa ushahidi kwamba unasaidia. Watafiti wa London walikuwa wamegundua kwamba watoto wa Kiyahudi wanaokulia Uingereza walikuwa na aleji ya njugu takriban mara 10 kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israeli, ambako watoto wachanga hula vitafunio vya njugu mapema. Basi wakachukua watoto zaidi ya 600 wa miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali (ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha na kupasuka) au aleji ya mayai. Kundi moja likala njugu kila wiki, jingine likaepushwa nazo mpaka miaka 5. Matokeo yalitoka 2015: waliokula mapema, aleji ya njugu ilipungua kwa takriban asilimia 80. Kuchelewesha hakumkingi mtoto. Na uji wa mahindi peke yake mpaka mwaka ni hatari nyingine kabisa, kwa sababu kuanzia miezi 6 akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakwisha na maziwa ya mama hayatoshi kuirudisha.

Lakini watoto wale walipimwa kwanza, na waliokuwa wameshaonyesha dalili kali kwenye kipimo hawakuingizwa. Wako ameshatoa dalili, kwa hiyo njia yake inapitia kwa daktari.

Halafu ile ngozi. Usiichukulie kama jambo la pembeni. Ngozi iliyopasuka ni mlango: vumbi la njugu na mabaki ya chakula nyumbani huingia hapo, na mwili ukikutana na chakula kupitia ngozi iliyojeruhiwa kabla ya kukizoea tumboni, unaweza kukiona adui. Mpake mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu akitoka majini, ngozi ikiwa bado na unyevu, na umwonyeshe daktari hiyo mikunjo ya viwiko. Mafuta ya njugu au ya simsim usimpake.

Chanjo mpeleke kama ilivyopangwa. Huku kwetu Magharibi na Nyanza ile ya malaria ya miezi 6 ni muhimu, tena siku hiyo atapewa na vitamini A. Mweleze nesi yaliyotokea kabla hajachomwa. Ila siku hiyo na inayofuata usimpe chakula kipya chochote. Chanjo ya malaria inaweza kuleta homa, na ukichanganya homa ya chanjo na chakula kipya, utabaki kukisia.

Nyar Mamboleo, Kisumu

Nesi, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili, na baba watoto nimemsomea.

Nina maswali matatu. Leo na kesho nimpe nini? Mimi mwenyewe napenda njugu, nazila karibu kila siku na ninamnyonyesha, je, niache? Na mama mkwe nimwambie nini? Yuko hapa mpaka Jumapili na ameumia, anaona kama tunasema unga wake una sumu.

Nesi wa Kakamega

Leo endelea na vile ulivyotaja mwanzoni: wimbi, ndizi, malenge, viazi vitamu, ovakado. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, usiwe wa kunywa. Kwa madini ya chuma ongeza nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ikalainika, ukaisaga na supu yake kidogo. Na hiyo ni kitu kipya, kwa hiyo iwe peke yake siku 3 kabla ya kingine. Katika umri huu vijiko 2 au 3 vya mezani mara mbili kwa siku vinatosha kuanzia, kisha unaongeza taratibu, na titi linaendelea.

Njugu zako usiziache kwa sasa, kwa sababu umekuwa ukizila miezi yote hiyo na hajawahi kupata shida akinyonya. Mwulize daktari pia. Ila nawa mikono na mdomo kwa sabuni kabla ya kumbeba na kumbusu, na dada wa kazi naye afanye hivyo. Maji matupu hayaondoi mafuta ya njugu mikononi.

Kuhusu dani, yaani nyanya wa mtoto, usibishane naye juu ya sihoho. Yeye ameona mtoto anakula, anavimba, anatapika, na anataka mtoto apone, kama wewe. Mwambie unga wake haukuwa na kosa, ila mwili wa mtoto huyu haujakubali kitu kimoja ndani yake, na daktari anahitaji msaada wake kukijua. Kisha muulize: soya uliikaanga? Njugu ulinunua wapi? Nani alisagisha kabla yako? Yeye ndiye shahidi pekee wa huo unga, na nenda naye kliniki kama anaweza. Nimeona nyanya wengi wakiwa wakali wanaposahihishwa, na haohao wakawa walinzi wakubwa wa mtoto mara tu wakipewa nafasi ya kueleza wanachokijua. Lakini kumkanda tumbo au kumchanja ngozi, hapo kataa kwa upole na usibadilike. Ngozi yake tayari imejeruhiwa.

Muuza nafaka, Kibuye

Mimi nauza wimbi, njugu na omena hapa Kibuye, na hilo swali la nani alisagisha kabla yako ni la maana kuliko watu wanavyodhani. Kisiagi hakioshwi kati ya mteja na mteja. Aliyekutangulia akisaga njugu au soya, kilo yako ya kwanza ya wimbi inatoka na mabaki yake, unaweza hata kuyaona yamegandamana kwenye mdomo wa mfuko. Wateja wangu wenye watoto wa aleji huenda alfajiri kabla foleni haijaanza, wanasagisha kwanza mahindi ya kuku ili kusafisha, kisha ndiyo wimbi ya mtoto. Hata hivyo si hakika kabisa. Mmoja ameamua kutwanga mwenyewe kwenye kinu na kuchekecha.

Na kwa wote mnaowapa watoto njugu: chagueni moja moja. Iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, au yenye harufu ya uvundo, tupa, usimpe hata kuku. Sumu ya ukungu haionekani kwenye unga na kuikaanga hakuimalizi. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Omena nunueni iliyokaushwa juu ya nyavu au turubai, si mchangani. Toa kichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mpaka maji yawe meupe, anika tena, kaanga bila mafuta mpaka ivunjike kwa vidole, ndipo usage. Usipoianika tena baada ya kuosha, unga wake utaota ukungu ndani ya kikopo.

Mama Pacha, Nakuru

Nesi, asante kwa kunieleza bila kunidharau. Mdogo wangu ana mtoto wa miezi 7, hajawahi kuvimba wala ngozi yake haina shida. Huyo ataanzaje na mayai? Nyanyake amemwambia mtoto akila yai atachelewa kuongea.

Nesi wa Kakamega

Hilo la kuchelewa kuongea tumelisikia sote huku, na halina ukweli. Yai ni chakula bora sana kwa mtoto.

Kwa mtoto asiye na ukurutu mkali wala dalili za nyuma, achemshe yai mpaka kiini kiwe kigumu kabisa. Aponde kiini na ute pamoja, kwa sababu ute ndio wenye kuleta aleji zaidi na akimpa kiini pekee hatajua chochote. Alainishe kwa maziwa yake mwenyewe. Ampe kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, asubuhi, mtoto akiwa mzima, na yeye mama asiwe wa kutoka. Asubiri kama dakika 15 akimtazama uso na shingo. Kukiwa shwari, ampe kidogo tena, kisha akae naye saa 2. Jioni si wakati wa yai la kwanza, maana mtoto akilala gizani hutaona kitu. Njugu vivyo hivyo: siagi laini isiyo na chumvi wala sukari, iliyoyeyushwa kwa maji moto mpaka ikawa kama maji ya uji, kamwe isiwe njugu nzima wala iliyovunjwavunjwa. Njugu nzima inaziba koo la mtoto mpaka afikishe miaka 5. Asali nayo asimpe kabla ya mwaka kutimia. Hiyo si aleji, inaweza kubeba mbegu za sumu inayolegeza misuli.

Na jambo ambalo mama wengi wanalisahau: chakula kikishakubaliwa, kisiachwe. Wale watoto wa utafiti walikula njugu angalau mara 3 kwa wiki, miaka nenda. Ukimwonjesha yai mara moja ukafurahi, kisha ukakaa miezi bila kumpa, ule mwili hauna cha kuuzoesha.

Nyar Mamboleo, Kisumu

Narudi na habari. Chanjo alipata, homa ilikuja usiku ikaisha. Tumemwona daktari wa watoto, na mama mkwe tulikwenda naye. Yeye ndiye aliyeeleza unga wote, hata akakumbuka kwamba njugu zilikuwa nyingi kuliko soya, na soya ilikaangwa kidogo tu. Daktari aliziangalia picha, akaandika ukurutu kwenye kijitabu cha kliniki, akatupa dawa ya kupaka na kutuandikia kipimo cha damu.

Majibu: njugu ndiyo iliyoonekana. Soya na samaki hazikuonekana. Daktari alisema kipimo peke yake hakitoshi, kwamba kuna watoto wanaoonyesha kwenye damu na wanakula bila shida, lakini kwa huyu kipimo na zile picha vinasema jambo moja. Njugu hapana, kabisa. Samaki alimwonjesha pale pale kliniki, ngege aliyechemshwa, tukakaa tukimtazama, hakuna kilichotokea. Tangu hapo namwekea unga wa omena juu ya uji wa wimbi. Yai pia ameruhusu, na nimeanza kama ulivyoeleza. Soya amesema isubiri tutakaporudi.

Sasa ninachoogopa ni sikukuu. Tunakwenda Seme, na nyumba itajaa watu, kila mtu akitaka kumlisha.

Nesi wa Kakamega

Nimefurahi sana, hasa kwa huyo samaki.

Kwa Seme, beba unga wako wa wimbi, sufuria yake, mwiko wake na kijiko chake. Mwiko wa mbao uliokoroga mchuzi wa njugu usiuingize kwenye uji wake hata ukioshwa. Mboga huko kwenu hupikwa kwa njugu iliyopondwa, na wageni watamchovyea ugali kwenye mchuzi wampe kwa mapenzi tu, kwa hiyo asiachwe akizungushwa mikononi mwa watu wakati wa kula. Mpe dani kazi ya kuwaambia. Akisema yeye, boma zima litasikia, na hakuna atakayefikiri ni maringo ya mkaza mwana wa mjini. Kabla hamjaondoka, mwulize daktari kama mnahitaji kuwa na dawa ya dharura nyumbani na mnaitumiaje, na ujue mapema hospitali ya karibu na boma yenye adrenalini ni ipi na usiku inafunguliwa au la. Piga simu uulize, usikisie.